Mtamba Aliyelala Gatsata

Dada wa dirishani, pale ofisi ya mikopo ya masomo, hakunikosea adabu hata kidogo. Alitazama kompyuta yake, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta, halafu akaniambia kwa upole, "Lakini wewe ulishasomeshwa." Basi. Na mimi niliyekuja na maneno yangu nimeyapanga njia nzima tangu stendi ya Nyabugogo, hapa Kigali, nikayameza yote. Ni kweli nilishasomeshwa. Serikali ni kama mama mwenye watoto wengi: ukishapakuliwa, mwiko unakwenda kwenye sahani ya mwingine, hata kama chakula ulichopakuliwa hukukichagua.

Changu mimi kilikuwa misitu. Nilisoma misitu chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, kwa sababu alama zangu ndiko zilikonipeleka na kwa sababu wakati ule ningepelekwa popote ningekwenda. Sijutii. Mpaka leo nikipita njiani na mtu namchosha kwa majina ya miti. Lakini kazi ya misitu sikuipata. Nilichopata ni kazi ya kuingiza takwimu katika kituo cha afya: wangapi wamekuja na malaria, wangapi wamechanjwa, wangapi wamejifungua. Chumba changu kilipakana na wodi ya wazazi, katikati yetu kuna ukuta mwembamba wa mbao, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Siku moja wakunga walizidiwa. Mmoja akafungua mlango wangu akasema, "Wewe wa kompyuta, njoo umshike mwenzako mabega." Nikaenda na viatu vyangu vya visigino. Nilimshika yule mama mabega, naye akanishika mkono mpaka kucha zikazama, na mtoto alipotoka aliyelia kuliko wote ni mimi. Mama mwenyewe ndiye aliyeniuliza kama niko salama. Nilirudi kwenye kompyuta nikaandika moja. Waliojifungua: moja. Nikaitazama ile moja, nikaona haitoshi. Kuanzia siku hiyo nilitaka kuwa mkunga, na mimi nikitaka kitu huwa sina simile.

Nikaomba chuo, nikapata. Ukunga hausomwi jioni wala Jumamosi. Unasomwa mchana kutwa, na zamu za wodini juu yake, maana yake kazi niache. Dirisha la mikopo lilikuwa limeshanijibu. Benki nayo ilitaka kuona mshahara, na mimi nilikuwa nimekwenda kuwaeleza kwamba huo mshahara ndio ninaouacha. Nadhani walicheka nilipotoka, na mimi ningekuwa wao ningecheka.

Mume wangu anachomelea mageti na madirisha pale Gisozi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akakaa. "Kodi na chakula niachie mimi," alisema. "Ada siiwezi. Nisikudanganye." Namshukuru kwa mengi mwanamume huyu, lakini kwa sentensi hiyo namshukuru zaidi, maana nawajua wanaume ambao wangesema "tutaona" na kuniacha nione peke yangu.

Chuo kilinipa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi kulipa ada ya mwaka wa kwanza. Ikipita hiyo, nafasi yangu inapewa mwingine. Nilikuwa naamka asubuhi nina hasira hata na chai.

Ndipo baba yangu akapiga simu.

Baba anaishi mashariki mwa nchi, kule kwenye nyasi, na ana ng'ombe. Hapa lazima nieleze kidogo, hasa kwa wasomaji wa mbali. Nilipoolewa, ukoo wa mume wangu ulitoa mahari, na mahari kwetu ni ng'ombe. Siku hizi Kigali wengi huleta bahasha, watu wakasema "ng'ombe hao hapa," wakapiga makofi, mambo yakaisha. Baba yangu alikataa. Alikulia Karagwe, Tanzania, uhamishoni, nami nikakulia kule kule, na watu waliokulia nje wanazishika mila kwa ubishi kuliko waliozaliwa ndani yake. "Nimesema ng'ombe," alisema mbele ya wageni wote, "sikusema bahasha." Mume wangu na wajomba zake wakahangaika, ng'ombe akapatikana, baba akaondoka naye. Na mila inaendelea: ng'ombe yule wa mahari akizaa, mtamba mmoja katika uzao wake anarudi kwa wale maharusi, awe mwanzo wa zizi lao.

Waswahili husema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Wetu alizaa dume. Akazaa dume tena. Mama mkwe wangu alipopata habari ya dume la pili hakula chakula cha jioni. Mara ya tatu ndipo akaja mtamba, mweusi, ana doa jeupe tumboni, na huyo ndiye baba aliyenipigia simu kwa ajili yake.

"Mama, sikia," alisema. Baba huniita mama tangu nikiwa mdogo. "Mtamba wenu amekomaa, ana mimba. Mumeo ameniambia habari ya chuo. Kuna bwana wa duka la maziwa Kabuga anamtaka tangu zamani. Namuuzia yeye, pesa nakurushia kwenye simu, Ijumaa haijafika umeshalipa. Sawa?"

Sawa! Niliruka pale uani nikamwaga beseni la nguo. Nilimbusu mume wangu mbele ya majirani, jambo ambalo kwetu hapa Gatsata halifanywi. Alicheka, halafu kicheko kikamwisha kidogo kidogo. "Na mama?" akaniuliza.

Mama mkwe anaishi nasi. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye jicho la kuona vumbi lililojificha. Kinyarwanda changu kinachechemea, chake kinakwenda mbio, kwa hiyo sisi wawili tunaongea Kiswahili: changu cha Tanzania, na chake alichookota Nyabugogo miaka aliyokuwa akiuza vitenge kwa Wakongo. Kiswahili chake hakina habari na ngeli. Kila kitu iko. Mtoto iko, mvua iko, Mungu iko. Nilipoolewa kilinichekesha, siku hizi najikuta nami naongea hivyo hivyo sokoni.

Alikulia katika ng'ombe, utotoni. Halafu nchi ikapita ilikopita, na yeye hakubakiwa na ng'ombe wala na watu waliokuwa wakiwachunga. Kabla ya hapo alikuwa ameolewa kwa ahadi tu, ng'ombe watakuja baadaye, na aliyeahidi hakuishi kutimiza. Kwa hiyo mtamba wetu yeye alimngoja kuliko sisi wenye harusi. Wageni wakija, hata wasipouliza, alikuwa anapata pa kuchomeka: "Sisi iko na ngombe yetu, mashariki." Akina mama wenzake wa kanisani walishamjua yule mtamba kama anavyojulikana mtoto anayesoma ng'ambo.

Mume wangu alitaka tumwambie taratibu, Jumapili, baada ya ibada. Mimi sina hiyo taratibu. Jioni ile ile, tukila, nikasema, "Mama, Mungu ametukumbuka. Baba anamuuza mtamba, pesa anaturushia kwa simu, nami nitaenda chuo."

Aliweka kijiko. Alikiweka vizuri kabisa, kando ya sahani, kama mtu aliyemaliza kula. "Ngombe haiingiaka katika simu," alisema, akaenda chumbani kwake.

Kesho yake hakunywa chai na sisi. Keshokutwa vile vile. Alifagia ua, alimwagilia mchicha wangu, alinijibu nilipomsalimu, lakini ndani ya nyumba kukawa na baridi. Nikaja juu. Nilimfokea mume wangu, maana yeye ndiye niliyeweza kumfokea. Nikasema huu ni ubinafsi, mtu mzima anamng'ang'ania ng'ombe asiyemwona, hana pa kumweka, hana nyasi za kumlisha, wakati nafasi yangu inateketea. Mume wangu akaniacha niseme yote. Halafu akasema, "Baba yako amekosea, na wewe umekosea naye. Ng'ombe huyo anatakiwa aletwe. Apokewe. Mama hajampokea, mmeshamuuza."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa vibaya, kwa maumivu. Sisi tuliokulia Tanzania mila tunazijua nusu. Tunajua ng'ombe hutolewa. Kwamba ana namna ya kupokewa, kwamba kuna mtu anamngojea mlangoni amevaa nguo zake nzuri, hilo hatukufundishwa, maana kule tulikokulia ng'ombe walikuwa wanatoka tu mikononi mwetu, hawaji. Baba alidhani anatufanyia wema wa haraka. Kumbe alikuwa anamnyang'anya mwanamke mzima siku aliyoingojea maisha yake yote.

Nikampigia baba simu uani. Nilimwambia, "Baba, usimuuze. Mlete Gatsata, kama inavyotakiwa." "Na chuo?" akauliza. Nikamwambia chuo basi, mwaka mwingine Mungu akipenda. Nilijikaza kisabuni mpaka nilipokata simu, halafu nikakaa juu ya tofali nikalia, kilio kibaya, cha makamasi. Nilimpenda mama mkwe wangu, lakini siku ile nililia kama mtu aliyelizwa na adui. Nilikuwa nimeutaka ukunga kwa mwili mzima, na sasa nilikuwa nimeusukuma mbali kwa mkono wangu mwenyewe, wala hakuna aliyenilazimisha.

Sikujua kwamba dirisha lake lilikuwa wazi. Kesho yake alikaa mezani na sisi, akajimiminia chai. "Ile ngombe inakuya lini?" aliuliza. Mume wangu akamwambia Jumatano. Akahesabu kimoyomoyo, nikaona anahesabu, akasema, "Ni vizuri. Mbele ya Ijumaa." Mimi sikuthubutu kuuliza ana maana gani.

Jumatano Gatsata ilipata cha kusimulia. Nyumba yetu iko juu kwenye mlima, na njia ya gari inaishia chini kabisa karibu na gereji. Juu ya hapo ni vichochoro vya mawe na ngazi. Kilori kilimshusha mtamba pale kati ya mafundi wa magari. Mafundi wakatoka chini ya magari yao na grisi zao usoni. Mtamba alizitazama ngazi. Baba, aliyevaa koti lake refu na kofia, alizitazama pia, akasema katika maisha yake hajawahi kumpandisha ng'ombe ngazi. Basi wakapanda hivyo hivyo, baba mbele na kamba, mume wangu nyuma anasukuma, watoto wa shule pembeni wakitoa ushauri, na mwanamke mmoja wa nyumba ya katikati alifungua mlango wake kutoa taka akajikuta ana kwa ana na pua ya ng'ombe. Akaufunga mlango polepole.

Mama mkwe alikuwa amesimama getini. Alikuwa amevaa mshanana, lile vazi la sherehe linalofungwa begani, la rangi ya dhahabu iliyopauka, na wenzake wa kanisani walikuwa nyuma yake. Mtamba alipoingia uani wanawake wakapiga vigelegele. Yeye hakupiga. Alimsogelea, akampapasa kuanzia shingoni mpaka kiunoni kwa kiganja kilichofunguka, taratibu, kama mtu anayenyoosha shuka, na akawa anasema maneno kwa Kinyarwanda cha zamani ambacho hata mume wangu alisema hakukielewa chote. Mkono wake ulijua. Mtamba, aliyekuwa anahema kwa zile ngazi, akatulia. Baba yangu akavua kofia. Akamwambia, "Bamwana, nisamehe. Nilitaka kumleta kwa mlango usio wake." Bamwana ndivyo wazazi wa pande mbili za ndoa wanavyoitana. Mama mkwe akamjibu kwa Kiswahili, ili baba asipate tabu: "Sasa iko nyumbani. Ile ingine nimesahau."

Mume wangu alikuwa amemchomelea birika la maji kutoka pipa lililokatwa, tena amelipaka rangi ya mageti, ile ya kahawia. Mtamba hakuligusa. Alikula mchicha wangu wote, tuta zima, na baada ya hapo akala kipande cha uzio wa jirani. Mkuu wa mudugudu, yaani mwenyekiti wa mtaa wetu, akafika, maana habari zilishafika kwake, na habari za ng'ombe mjini si za kufichika. Akauliza kwa sauti ya kazi kama mnyama ana karatasi. Baba akatoa karatasi ya daktari wa mifugo. Akauliza kama tunafuga. Mama mkwe akasema hatufugi, mgeni analala usiku mmoja. Mkuu wa mudugudu akamzunguka yule mgeni mara moja, akamzunguka tena, akasahau sauti ya kazi. "Ana miguu mizuri," alisema. Alikaa nasi mpaka jioni, na alipoondoka akakumbuka kutuonya kwamba kesho jioni asimkute.

Asubuhi niliamka mapema, kabla ya wengine, nikamkuta mama mkwe ameshakaa kwenye kigoda karibu na mtamba. Alikuwa amejifunika kitenge. Kulikuwa na ukungu, na chini Nyabugogo ilikuwa inaanza kupiga honi. Nikakaa karibu yake juu ya tofali lile lile. Aliniuliza, bila kunitazama, "Kule kwa masomo, wanakufundisha nini?"

Nikamweleza. Nilimwambia tunafundishwa kumpokea mtoto, kuzuia damu isimmalize mama, kumfanya mtoto apumue akigoma kupumua. Hapo akageuka.

"Akigoma, anapumua?"

"Mara nyingi, Mama. Kuna namna ya kufanya. Akiwepo mtu anayejua."

Mtamba alikuwa anacheua, na yeye alikuwa anayatazama mataya yake. "Mimi nilizaa tatu," alisema. "Hii bwana yako ni ya mwisho. Zile mbili zilikuya, zikakataa kupumua. Iko mimi na jirani tu, na jirani analia. Hakuna mtu ya kujua." Mwanamke huyu nilikuwa nimekaa naye nyumba moja miaka yote ile na sikujua. Mume wangu mwenyewe, nilipomwuliza baadaye, hakujua. Nilimshika mkono, na kwa mara ya kwanza hakuutoa. 

Alkhamisi hiyo, watu walipokusanyika tena kumalizia vinywaji, alisimama. Alifungua kamba ya mtamba pale kwenye mparachichi wetu wa uani, akaishika, akasema kwa Kinyarwanda, na mume wangu akanitafsiria sikioni, ingawa nilikuwa nimeshaelewa kwa uso wake. Alisema, "Mimi ni mama wa nyumba hii, na ng'ombe huyu ameingia katika nyumba hii jana mbele yenu nyote, mmemwona, mmepiga vigelegele. Leo mimi, mama wa nyumba, nampa mkazamwana wangu. Ni wake. Akimweka ni wake, akimuuza ni wake."

Akanitia kamba mkononi.

Siku hizi, hapa mjini, watu wengi wanapokea ng'ombe kwa maneno. Lakini kutoa ng'ombe, mtu kusimama na kumpa mwenzake ng'ombe mzima, hilo ni jambo la wakubwa, na tangu zamani lilikuwa zaidi la wanaume wenye mazizi. Wenzake wa kanisani waliokuwa wakimsikia kwa miaka akijisifu kwamba anaye ng'ombe mmoja walikuwa sasa wanamtazama kwa namna nyingine kabisa. Yeye alikuwa amemngojea ng'ombe maisha yote, akawa naye siku moja na usiku wake, akampa mtu. Nilimtazama nikaona hajapungukiwa. Alikuwa amenyooka kuliko nilivyowahi kumwona.

Kuna kitu wanakiita kung'oa majani. Aliyepewa ng'ombe anamwendea aliyempa, na kinywaji, na kumshukuru mbele ya watu. Usipofanya hivyo ng'ombe amefungwa kwako tu, hajawa wako. Baba alinikanyaga mguu. Bahati yangu pombe ya ndizi ilikuwa imebaki. Nikaibeba, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe wangu, na Kinyarwanda chote kikanikimbia. Nikamshukuru kwa Kiswahili. Nilimwambia, "Mama, umenipa kitu ambacho hukuwahi kupewa. Sina cha kukulipa. Nitakwenda nisome, na nitasoma kweli." Akapokea kinywaji, akanywa, akampa baba yangu, baba akampa mkuu wa mudugudu aliyekuja eti kuhakikisha mnyama anaondoka. Nasikia mpaka leo anasimulia kwamba alikuwa shahidi.

Mtamba alishuka ngazi vibaya kuliko alivyopanda. Bwana wa Kabuga, aliyeitwa na baba, alinilipa akamchukua pale gereji siku ile ile, na mama mkwe akamwuliza maswali mengi: atamlaza wapi, atampa nini, nani atamkamua. Alipomaliza akampa yule bwana jina la mtamba, akamwambia asimbadilishie. Ijumaa asubuhi nilisimama kwenye foleni ya benki nimekumbatia mkoba wa pesa kwa woga, nikalipa, nikapokea yangu, na nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu kwa sababu nilitaka siku hiyo iwe ndefu.

Ng'ombe alilipa mwaka wa kwanza. Miaka iliyofuata ililipwa kwa jasho la watu. Mume wangu alichukua kazi za Jumapili. Baba aliuza lile dume la pili. Mimi nilifundisha Kiswahili kwa mafundi na wauza vipuri wa Gatsata wanaoagiza mizigo Dar es Salaam, waliokuwa wamechoka kudanganywa kwa lugha nzuri. Walinilipa vizuri na wakanitania vizuri zaidi, wakaniita mwalimu ng'ombe. Mama mkwe alilea mtoto wetu tuliyempata katikati ya masomo, na nilipokuwa nasoma kwa sauti alikuwa ananihoji. "Damu ikitoka nyingi?" Namjibu. "Mtoto akikataa?" Namjibu. Nikikosea alinitazama tu mpaka narudia. Mwalimu mkali kama yeye chuoni sikumpata.

Nikahitimu. Sasa nafanya kazi katika wodi ya wazazi, upande wa pili wa ukuta.

Mwezi uliopita tulipata mtoto aliyegoma. Mama yake alikuwa mdogo, mimba ya kwanza, amekuja na shangazi zake wengi waliojaa mlangoni. Mtoto alitoka wa buluu, mlegevu. Nikampeleka mezani, nikamkausha kwa nguvu, nikasafisha njia ya hewa, nikaanza kumpa pumzi kwa mfuko wa kupulizia, nahesabu, nasikiliza moyo, naanza tena. Nyuma yangu shangazi mmoja alianza kulia na mwenzake akamnyamazisha. Nilikuwa sifikirii kitu. Mikono ilikuwa inafanya. Halafu kifua kikapanda chenyewe, mdomo ukafunguka, na akalia, kilio chembamba chenye hasira, na mdomo wangu nao ukafunguka.

Mnyarwanda akishtuka au akiapa, hutaja aliyempa ng'ombe. Yampaye inka, anasema, yaani alinipa ng'ombe, na jina la mtu yule. Wengine hutaja baba zao, wengine mfalme wa zamani, wengi siku hizi wanasema tu bila kumfikiria yeyote. Mimi nilikuwa sijawahi kuapa hivyo. Ni kiapo cha watu waliokulia hapa. Siku ile kilinitoka chenyewe, kwa Kinyarwanda kilichonyooka, mbele ya mashangazi wote, na jina lililofuata lilikuwa la mama mkwe wangu.

Jioni nilimkuta jikoni anamenya ndizi, redio inaongea. Nikamwambia kuhusu mtoto. Akaitikia kwa kichwa, kisu hakikusimama. Nikamwambia alikataa kupumua, halafu akapumua, na mimi nikaapa.

"Uliapa kwa nani?"

"Kwako, Mama."

Kisu kikasimama. "Ulisema jina yangu? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Walikuwa wamejaa mlangoni."

Alijifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja baada ya kingine. Akanyoosha mkono akazima redio, akanigeukia, akakaa vizuri.

"Sema tena," aliniambia. "Sema kama ulivyosema."